Lango Linalosikia Honi

Mama Kitana alikuwa na mdomo, na hilo hakulikataa hata mwenyewe. Wateja wake walisema ukikaa kwenye kile kiti chake cha saluni unasukwa nywele na kuchambuliwa tabia kwa malipo yale yale. Lakini mdomo ni mdomo, na hasira ni kitu kingine. Hasira yenyewe, ile inayokaa na mtu mpaka usingizini, aliijua siku bintiye alipomchoropoka katikati ya magoti kabla hajamaliza kumsuka.

Ilikuwa asubuhi, saluni bado haijafunguliwa vizuri. Mtoto alikuwa ameketi kwenye kigoda, mama yake nyuma yake. Shule ilitaka wasichana wawe na nywele nadhifu, na mtoto wa msusi kwenda shule na kichwa timtim ni aibu ya mtaa mzima. Basi alikuwa akimsuka twende kilioni, mistari midogo ya kwenda nyuma, na mtoto alikuwa akisimulia habari ya paka wa jirani aliyekwama kwenye ndoo. Mtaani walimwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuna aliyewahi kumwona amenyamaza. Ulikuwa umebaki mstari mmoja tu, juu ya sikio la kushoto, kengele ya shule ikagonga ng'ambo ya barabara.

Paka aliachwa ndani ya ndoo. Chiriku alinyakua mkoba, mguu niponye, na Mama Kitana akabaki na kitana hewani. Alisikia breki. Kisha akasikia mayai yakivunjika, mengi kwa mkupuo mmoja, na baada ya hapo kengele ikaendelea kugonga kama kawaida.

Dereva wa ile pikapu ya mayai hakukimbia. Alikuwa kijana mwenye ndevu za kuhesabika, na ndiye aliyemwinua mtoto kutoka kwenye lami, ute wa mayai ukimtiririka mpaka kwenye viatu. Watu walikuwa wameshaokota mawe. Mama Kitana mwenyewe alimshika ukosi akamtikisa mpaka vifungo viwili vya shati vikakatika, na kijana hakujitetea, ila alirudia neno moja tu, njia nzima hadi hospitali: "Alinitokea tu, mama. Hakuniangalia. Hakuniangalia kabisa."

Neno hilo Mama Kitana alilichukia kuliko pikapu yenyewe.

Paja lilikuwa limevunjika. Wakalinyoosha, wakalifunga plasta kutoka nyonga hadi kifundo cha mguu, wakasema mtoto ana bahati. Bahati gani hiyo, alitaka kuuliza, lakini nesi alikuwa mteja wake na alikuwa amechoka, akameza swali. Mama mkwe alifika jioni na chupa ya chai na lawama zake. Kwanza alilia, kisha akasema mtindo wenyewe ndio mkosi, nani anayemsuka mtoto twende kilioni asubuhi na mapema, halafu kengele inakaribia kugonga mtu bado yuko na kitana mkononi. Mama Kitana aliipokea chai akainywa. Wawili hawa walikuwa hawajawahi kukubaliana hata juu ya chumvi, na hii ilikuwa mara ya kwanza mmoja wao kuachia mwenzake neno la mwisho.

Kilichomtisha zaidi ni kwamba Chiriku alikuwa amenyamaza. Alijibu ukimwuliza, alikula ukimlisha, lakini habari ya paka hakuimaliza. Na ule mstari wa juu ya sikio alikataa usisukwe. Kila kitana kilipokaribia alikishika kwa mkono wake akakisukuma pembeni, bila kelele, na mama yake akaacha.

Wazazi waliitana shuleni. Walizungumza kwa jazba mpaka dari ikatetemeka: madereva ni wauaji, manispaa imelala, damu ya mtoto haiendi bure. Mama Kitana alizungumza kuliko wote. Mwalimu mkuu aliwaunga mkono, tena kwa ufasaha, akapigiwa makofi. Na kweli manispaa ikaamka. Lilikuja lori la kifusi, yakaja matuta mawili, kikaja kibao cha njano chenye picha ya watoto wawili walioshikana mikono, na bwana mmoja mwenye kofia ngumu akapigwa picha akikigusa. Watu wakasema yamekwisha. Mama Kitana naye alijaribu kuamini kwamba yamekwisha, akarudi kwenye vichwa vya wateja.

Saluni yake ilitazamana na lango la shule. Kwa miaka yote aliyokuwa pale alikuwa akiliona lango hilo bila kuliangalia, kama mtu anavyoona ukuta wa nyumba yake. Sasa alikuwa akiangalia. Na alichokiona ni kwamba matuta yalipunguza mwendo wa magari, lakini watoto mwendo wao ulikuwa ule ule. Asubuhi walikuja wakitembea kama watu, wakicheka, wakigombania kalamu. Kengele ikigonga tu, akili zinawaruka. Walijitupa barabarani wima wima, wakubwa wakiwavuta wadogo, macho mbele. Siku moja mvulana wa darasa la pili alijikwaa kwenye lile tuta jipya, akaanguka kifudifudi katikati ya lami, na pikipiki ikampitia karibu kiasi kwamba upepo wake ulimpeperusha kola. Mtoto aliinuka, hakutazama hata kilichotaka kumwua, akaendelea kukimbia. Mama Kitana aliachia nywele za mteja alizokuwa ameshika. Mteja akauliza kuna nini.

Jioni ile alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha bintiye. Alimwuliza, taratibu, siku ile alipokuwa anavuka alikuwa anaangalia wapi.

"Lango," Chiriku akasema.

"Na barabara?"

Mtoto alimtazama kama anavyomtazama mtu mzima anayeuliza jambo lililo wazi. "Mama, barabara haifungwi. Lango ndilo linalofungwa."

Mama Kitana alimfunika shuka mpaka kifuani. Kumbe yule kijana wa mayai, aliyekatwa vifungo, alikuwa amesema kweli tupu.

Habari ya lango kila mtu aliijua, ndiyo maana hakuna aliyeifikiria. Zamani shule ile ilikuwa kama soko. Mtoto aliingia saa anayopenda. Alipokuja mwalimu mkuu huyu aliweka lango la chuma la kuteleza juu ya reli, akamkabidhi bawabu mzee, na akatoa amri: kengele ikianza kugonga, lango linaanza kusukumwa, kengele ikinyamaza, lango limefungwa. Aliyebaki nje abaki nje, asimame ukutani mpaka mapumziko, kisha afagie uwanja huku wenzake wakimtazama. Watoto walimpa bawabu jina la Mzee Kufuli. Ufaulu ulipanda, shule ikapata ngao ya kuwahi, na siku ya kuitangaza ngao hiyo wazazi walipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Vya Mama Kitana vilikuwemo. Hakuna aliyekumbuka kwamba kati ya kengele na lango kulikuwa na barabara.

Kesho yake alivuka mapema akaenda kumngoja mwalimu mkuu kwenye benchi nje ya ofisi. Zilikuwa zimebaki siku chache plasta ifunguliwe, na Jumatatu Chiriku angerudi shuleni kwa magongo. Hilo ndilo lililomleta. Mtoto mwenye magongo hawezi kushindana na lango, na huyu wake angejaribu, alimjua.

Kengele ikagonga, mwalimu mkuu hajafika. Kutoka pale benchini alimwona Mzee Kufuli akisukuma lango, polepole, uso ameugeuzia pembeni, na watoto wakipenya upande upande mpaka pengo likaisha. Waliobaki nje walijipanga ukutani. Ukuta wenyewe umejengwa karibu na lami, kwa hiyo walisimama migongo ukutani na vidole vya viatu barabarani, na kila lori lililopita waliinua nyuso zao juu kukwepa vumbi. Juu ya vichwa vyao, kwa rangi ya buluu, shule ilikuwa imeandika: ASIYESIKIA LA MKUU HUVUNJIKA GUU.

Ndipo ikasikika honi. Fupi, ya mtu mwenye kwake. Mzee Kufuli akaruka, lango likafunguka wazi lote, na gari la mwalimu mkuu likaingia taratibu likiwapita wale watoto. Mmoja wao, msichana mdogo, alijaribu kupenya nyuma ya gari. Lango likamfungia usoni.

Mama Kitana aliinuka kwenye benchi. Alipoitwa ofisini hakuketi. Alieleza yote kwa mpango, mambo ambayo wateja wake wasingeamini kwamba anayaweza: kengele, mbio, macho ya watoto, tuta, pikipiki. Aliomba jambo moja, lango liachwe wazi baada ya kengele, aliyechelewa aadhibiwe akiwa ndani, afagie hata mwezi mzima, lakini afagie akiwa na miguu miwili.

Mwalimu mkuu alimsikiliza huku akiifuta ngao kwa kitambaa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alisema anamwelewa kama mzazi, lakini nidhamu haina nusu; ukilegeza lango leo, kesho watakuja saa nne. Kisha akatabasamu kwa huruma, akasema kwa Chiriku ataandika ruhusa maalumu. Aingie saa yoyote, bawabu atamfungulia.

"Na wengine?" Mama Kitana akauliza.

"Wengine wana miguu, mama."

"Na wangu alikuwa nayo, mwalimu. Alikusikia wewe mpaka ikavunjika." Alielekeza kidole dirishani, kwenye maandishi ya ukutani ambayo kwa ndani hayakuonekana. "Lango lako linasikia honi. Mtoto halimsikii."

Alitoka bila kuaga. Pale nje aliwakuta wale watoto wa ukutani bado wamesimama, akashindwa kuwatazama.

Nyumbani, baba watoto alisema waichukue ruhusa. Alikuwa mwashi, mtu mpole aliyekuwa akikanyagwa yeye ndiye anayeomba radhi, na alisema kwa nia njema kabisa: mwenye shida hachagui mlango, mtoto wao atakuwa salama, na ugomvi na walimu humrudia mwanafunzi. Mama Kitana alikuwa amelifikiria hilo njia nzima. Alikiri kwamba lilikuwa limemvutia. Hata alishaona akilini Chiriku akifunguliwa lango kama mtoto wa waziri.

Aliyekata shauri ni mama mkwe, ambaye hakuwa ameulizwa. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele, na hakuinua uso.

"Chukueni," akasema. "Halafu siku akilala mtoto wa mwenzenu pale kwenye lami, mtakwenda msibani na uso upi?"

Mama Kitana alimtazama mwanamke yule ambaye kwa miaka kumi hawajawahi kuelewana, akaona kwamba mikono ile ilikuwa ikitupa chini punje nzima pamoja na mawe. Si kwa uzee. Yule naye alikuwa na hasira.

Jumatatu asubuhi mtaa uliona msafara. Mbele alikuwa Chiriku, amekonda, kwenye magongo mapya, nywele zimesukwa upya na bibi yake usiku wa kuamkia siku hiyo, mistari yote isipokuwa mmoja, ule wa juu ya sikio la kushoto. Nyuma yake mama yake na kitana kiunoni. Nyuma yao baba watoto, yule mpole aliyeshauri wachukue ruhusa, na kile kiti cha saluni begani, cha chuma na ngozi, amekibeba kama anavyobeba mfuko wa saruji. Mama mkwe alifunga msafara na kigoda chake mwenyewe, akisema yeye hasimami kwa ajili ya walimu. Walisimama ukingoni mwa barabara, wakatazama kulia, wakatazama kushoto, wakatazama tena kulia, magari yakapita, ndipo wakavuka, taratibu kama watu wanaokwenda kanisani au msikitini.

Kiti kikatuliwa juu ya reli ya lango, katikati kabisa.

Mzee Kufuli alitoka kibandani mwake amekunja uso. Mama Kitana alimwamkia kwa heshima zote, kisha akamkalisha Chiriku kitini, akamfunga kitambaa shingoni.

"Mwanangu, usinitafutie balaa," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Mimi nitafukuzwa."

Mama Kitana hakumjibu vibaya. Alijua, na mzee alijua kwamba anajua, kuwa asubuhi ile ya mayai aliyekuwa karibu kuliko wote ni yeye. Lango lilikuwa mkononi mwake, na mtoto alikuwa akilikimbilia. Mzee Kufuli aliutazama mguu ulionyooshwa juu ya magongo, mwembamba na mweupe kwa unga wa plasta. Kisha akajishika kiuno.

"Lakini leo mgongo wenyewe umenikataa," akasema. "Kusukuma lango siwezi. Kuhamisha kiti ndiyo kabisa." Akarudi kibandani, akakaa, akafungua redio.

Kengele ikagonga.

Ng'ambo ya barabara watoto walirukwa na akili kama kila siku. Wa mbele walikuwa wameshakanyaga lami. Mama Kitana akapaza sauti ile ambayo wateja walimtania nayo siku zote kwamba inafika sokoni bila nauli: "Lango liko wazi! Lango halifungwi! Angalieni barabara!" Msichana mkubwa wa mbele alisita. Alikitazama kiti, akamtazama Chiriku, akanyoosha mikono kuwazuia wadogo. Lori likapita. Wakageuza shingo zao, kulia, kushoto, kwa ugeni, kama watu wanaoona barabara ile kwa mara ya kwanza. Kisha wakavuka wakitembea. Kengele ilinyamaza wakiwa bado katikati ya lami, na hakuna lililotokea.

Wakaingia kwa kupenya pembeni mwa kiti. Wengi hawakwenda darasani. Walisimama pale wakiangalia.

Mama Kitana aligawanya nywele za mstari wa mwisho, na safari hii Chiriku hakumsukuma mkono. Ndipo honi ikalia nyuma yao, fupi, ya mtu mwenye kwake.

Mwalimu mkuu alikuwa amekata kona kwa mazoea, na pua ya gari ikaja kusimama karibu na miguu ya kiti. Mkia ulibaki barabarani. Akapiga honi tena. Mzee Kufuli akaongeza sauti ya redio.

"Subiri, mwalimu," Mama Kitana akasema bila kugeuka. "Nimebakiza mstari mmoja."

Nyuma ya gari lori la mchanga likapiga honi. Nyuma ya lori wakapiga wengine. Mwalimu mkuu alipiga yake, lori likampigia yeye, na kwa mara ya kwanza alikuwa upande ule wa lango ambao watoto walikuwa wakiujua. Wazazi waliowaleta watoto wao wadogo wakaanza kukusanyika. Uso wa mwalimu ulionekana kwenye kioo ukibadilika, na Mama Kitana aliendelea kusuka, wala hakuharakisha, maana mstari wa haraka hufumuka. Hatimaye mwalimu alifungua mlango kwa nguvu, akaweka mguu chini, macho yake yamekazia kile kiti pale langoni.

Pikipiki iliyokuwa inalipita lori pembeni iligonga ukingo wa mlango. Mlango ukapinda, kioo cha pembeni kikaruka, na mwalimu mkuu akajikuta amebanwa kwenye ubavu wa gari lake, koti limechanika kwapani, mzima. Mwenye pikipiki alipepesuka, akasimama mbele kidogo, akageuka akimtolea macho.

"Mzee, ulikuwa unaangalia wapi?"

Mwalimu mkuu alifungua mdomo. Ile sauti iliyopigiwa makofi na wazazi haikuja. Mama Kitana hakucheka wala hakufurahi. Alikuwa ameisikia tena ile breki ya pikapu.

Ndipo Chiriku, ambaye tangu siku ile alikuwa hazungumzi asipoulizwa, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayemsaidia mtu aliyesahau:

"Alikuwa anaangalia lango."

Mwalimu mkuu alilishika lile koti lililochanika. Kisha akatazama nyuma, akatazama mbele, akasubiri gari moja lipite, akalizunguka gari lake na kuja kwa miguu mpaka langoni. Ilimbidi apite upande upande, tumbo ndani, baina ya kiti na nguzo, kama walivyokuwa wakipita watoto. Alipofika upande wa pili aliuliza, bila kumtazama mtu, kiti kitaondoka lini.

Mama Kitana alifunga ncha ya mstari, akaukata uzi kwa meno, akapangusa shingo ya bintiye.

"Kichwa cha huyu nimemaliza, mwalimu," akasema. "Kesho naleta kingine."